Kama Ni Siri, Mbona Mnanionyesha?

Wasee, mimi sina shida na siri. Beshte yako akikuambia ana mimba, ama ameenda kupimwa, ama mambo kwao nyumbani yameharibika, hiyo kaa nayo. Ukiisambaza, wewe ndiye mbaya.

Shida yangu ni nyinyi mnaonong'ona mbele ya watu.

Na mnajijua. Tumekaa watano, chapo na madondo ziko mezani, wawili wanaanza kuegemeana masikio. Mmoja anacheka, anakutupia jicho, halafu anaangalia chini. Ukiuliza kuna nini: "Aah, hakuna kitu." Ama mnatumiana meseji na mmekaa kiti kimoja. Simu ya huyu inalia, kidogo ya yule, mnaangaliana, mnatabasamu. Ama mlikuwa mnapiga stori kwa Kiswahili poa kabisa, mtu akiingia mnahamia lugha ya kwenu katikati ya sentensi. Lugha ya mama haina makosa yoyote. Makosa ni kuhamia huko mara tu anapoingia. Msijifanye hamjui lugha inaweza kufungia mtu nje. Vijana wangapi Eastlands wamepiga Sheng mbele ya wazazi ndio wazazi wasishike kitu?

Najua mtasema ni kitu ndogo, mtu aache kuwa mlaini. Haya, kuna mwanasaikolojia Mmarekani anaitwa Kipling Williams. Alitengeneza mchezo wa kompyuta, Cyberball: unarushiana mpira na wachezaji wengine wawili, halafu ghafla wanaacha kukurushia. Basi, ni hivyo tu. Hakuna tusi. Na bado watu waliumia. Mwaka 2003, yeye na wenzake walionyesha kwamba mtu akiachwa nje hivyo, sehemu ya ubongo inayohusika na maumivu ya mwili inaamka. Utafiti wa baadaye ukapata kwamba watu waliumia hata walipoambiwa wazi wanacheza na kompyuta.

Hao walinyimwa mpira usiokuwepo. Huyu wenu ananyimwa maneno, na watu anaowaita marafiki, akiwa hapo hapo.

Sasa anaanza kujikagua. Ni nguo? Nanuka? Ni ile kitu nilisema jana? Pengine mlikuwa mnaongea kuhusu deni la mia mbili, lakini yeye atajuaje? Mmemwachia nafasi tupu, na mtu akiachiwa nafasi tupu anaijaza na ubaya wake mwenyewe. Anaenda nayo hadi kwa kitanda. Nyinyi mlishasahau.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Sawa, lakini umewahi kuona kata ikiringia vikombe? Siri ya ukweli haitafuti watazamaji. Ukinong'ona mbele yangu, unataka nijue kuna kitu na mimi simo. Huko ni kujionyesha, na mwingine ndiye analipia.

Kama haiwezi kungoja, sema tu: "Samahani, nataka kumwambia huyu kitu," mtoke nje dakika mbili, mrudi. Hakuna mtu atakasirika. Na wewe unayenong'onezewa, una mdomo pia. Sema, "Utaniambia baadaye," kisha mgeukie yule aliyeachwa umuulize kama chapo imebaki.

Mkishindwa na hiyo, ongeeni kwa sauti. Tusikie sote.