Kodi ya Amerika ni 1 kwa mia, na hailipwi Goma

Kuna neno linalotembea mjini toka Birere mpaka Ndosho: "Trump amekata pesa zetu." Mmoja anasema ni 5 kwa mia, mwingine anasema 10. Kwenye vibanda fulani vya kutolea pesa, mama anaambiwa dola zake zimepungua "juu ya kodi ya Amerika", naye anashukuru na kuondoka. Anayepunguziwa hivyo anaibiwa, na nitaeleza sababu.

Kodi yenyewe ipo kweli. Imo ndani ya sheria kubwa ya kodi ambayo Rais Trump aliitia sahihi tarehe 4 Julai 2025, na inahusu pesa zinazotumwa nje ya Marekani kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Ni 1 kwa mia. Habari za 5 zilitoka kwenye maandishi ya kwanza ya mwezi wa 5, 2025. Wakati ule walitaka kuwakata wasio raia tu. Baraza la wawakilishi likashusha mpaka 3 na nusu, kisha Senati ikafika 1, lakini ikaitwika kila mtu, raia na asiye raia. Wengi hapa walisikia ile 5 ya kwanza wakabaki nayo.

Sasa shika jambo hili. Kodi hiyo inamhusu mtu anayepeleka makuta ya karatasi mkononi kwenye duka la kutuma pesa, au anayelipa kwa hati za karatasi zinazofanana na cheki ya benki. Anayetuma kutoka konti yake ya benki ya Marekani, au kwa kadi ya benki iliyotolewa kule, halipi hiyo 1. Na anayelipa ni mtumaji, palepale dukani, siku ile ile. Mwenye duka ndiye anayeikusanya na kuipeleka kwenye hazina ya serikali yao. Kwa hiyo kaka yako akitaka kukutumia dola 200 kwa makuta mkononi, anaongeza dola 2 juu yake, na karatasi yake inaonyesha kiasi utakachopokea wewe. Ukifika kibandani hapa ukaambiwa zipunguzwe tena kwa kodi ya Trump, mwambie kaka akusomee ile karatasi kwa simu mbele ya mtu wa kibanda. Utaona sura itakavyobadilika.

Mimi sisemi hii kodi ni nzuri. Naiona mbaya, kwa sababu ukitazama nani bado anatuma kwa makuta mkononi, ni mzee ambaye hajazoea programu za simu, ni mama aliyefika juzi na hajafungua konti, ni kijana anayelipwa kwa siku. Mwenye konti na kompyuta anapita bure. Tena ni pesa iliyokwisha kukatwa. Ndugu zetu wa Dallas, Phoenix au Louisville wanaofanya kazi kwenye viwanda vya nyama na maghala ya vifurushi, mshahara unapoingia umeshapunguzwa 7.65 kwa mia kwa pensheni na matibabu ya wazee. Halafu kuna kodi ya mapato ya taifa, na kwenye majimbo mengi kuna ya jimbo pia, ingawa Texas haina. Akienda dukani, bei iliyoandikwa kwenye bidhaa nyingi siyo atakayolipa, maana kodi ya mauzo inaongezwa pale kwenye kasa.

Nayasema haya kwa ajili ya ugomvi wa familia. Hapa tunasema haraka: huyu yuko Amerika, amekuwa mchoyo. Kuna jambo moja la sheria yao ambalo wengi hawalijui, nalo linauma. Mtu wa kule akimtunza mtoto anayeishi naye, mwenye namba ya Social Security, anapunguziwa kodi hadi dola 2,200 kwa mwaka. Akimlisha mama yake aliye Goma, akamlipia nyumba na dawa mwaka mzima, mama huyo hahesabiwi. Sheria inakubali mtegemezi aliye raia wao, au anayeishi Marekani, Kanada au Meksiko. Mama wa Meksiko anaweza kuhesabiwa. Mama wa Masisi, hapana. Kila dola inayofika Katindo mtumaji ameitoa bila kurudishiwa hata senti. Basi mkiona pesa inakuja zaidi mwezi wa 2 na wa 3, wengi kati yao ndipo wanarudishiwa kile walichokatwa kupita kiasi mwaka uliotangulia. Mwezi wa 11 hiyo haipo, na kumgombeza mtu haitaileta.

Turudi kwa hesabu. Kutuma dola 200 kuja Afrika yetu hii ya kusini mwa Sahara, kwa kipimo cha Benki ya Dunia, kunakula kwa wastani karibu 8 kwa mia, yaani dola 16, ukijumlisha ada na ujanja wa kubadilisha pesa. Mataifa yaliahidi kushusha hiyo bei mpaka 3 kwa mia ifikapo 2030. Na sisi wa Goma tuna makato yetu juu ya hayo. Tangu AFC/M23 ilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango. Noti zikawa adimu, tukabaki na pesa za simu na mpaka wa Gisenyi. Mtu wa kibanda akajua kwamba huna pa kwenda, akaweka bei yake. Leo asubuhi ni hii, jioni ni nyingine. Dola 2 za Marekani zina sheria, zilijadiliwa bungeni mbele ya kamera, zina karatasi. Haya ya hapa yana nini?

Sisi siyo watu wasiojua kupinga kodi. Mnaikumbuka RAM, ile kodi ya simu iliyoanza 2020 ikawa inanyonya yuniti za watu bila kuuliza: dola 1 kwa simu ndogo, dola 7 kwa kubwa. Watu walipiga kelele, wabunge wakauliza maswali, na 2022 ikaondolewa. Ile ya barabarani ndiyo imetushinda. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS walihesabu vizuizi karibu 800 katika Kivu mbili, na kila aliyepita na mfuko wa makala au wa viazi alitoa kitu. Mwishoni mwa 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba M23 inapata angalau dola 800,000 kwa mwezi kwa kutoza koltani ya Rubaya peke yake. Anayechimba na anayebeba mgongoni ndio wanaobanwa mwishoni, maana mnunuzi hupunguza bei ili afidie alichotozwa.

Kuna familia ambazo habari hii inawagusa zaidi. Februari 2025 kambi za Bulengo, Lushagala na zingine zilivunjwa, watu wakarudi kwenye vijiji vilivyochomwa au wakabanana kwa jamaa mjini. Na tarehe 27 Januari 2025, siku zile zile risasi zilipokuwa zinalia hapa, amri ya Marekani ya kusimamisha kupokea wakimbizi ilianza kazi. Waliokuwa wanangoja safari walibaki, na tegemeo lao ni yule mmoja aliyetangulia. Kwa nyumba ya namna hiyo, dola 5 zinazopotea kibandani ni unga wa siku kadhaa.

Kwa hiyo, wewe unayepokea: kabla ya kumwambia ndugu "tuma", muulize anatumaje. Kama ni kwa makuta mkononi, amwombe kijana wa kanisa au wa msikiti wa kule amsaidie kufungua konti. Asimpe msafiri pesa mkononi kwa kukwepa dola 2. Hizo zimepotea mara nyingi zikiwa zote.

Na wewe mwenye kibanda: andika makato yako kwenye kartoni, uitundike ukutani, mteja aione kabla hajatoa namba yake ya siri. Kama unachukua 4 kwa mia kwa sababu noti zimekuwa ngumu, iandike kwa jina lako.