Jeraha Lisiloonekana



Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli Spice Islander I, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama upande wa Nungwi, hali imepakia watu kupita kiasi chake. Zaidi ya watu 600 waliokolewa, mamia walikufa. Tarehe 18 Julai 2012 ikazama Skagit karibu na Chumbe. Tuliwazika wafu, tukamshukuru Mungu kwa waliookoka, tukadhani mambo yamekwisha. Kumbe kwa wengine hayakwisha.

Wahenga walinena: Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Aliyeokoka aweza kuota ndoto ileile kila usiku, kugutuka kwa kishindo kidogo, na kukimbia kila kimkumbushacho siku ile. Yakidumu kupita mwezi na kumharibia kazi zake, huo ni ugonjwa. Si woga, wala si upungufu wa imani.

Basi angalieni ugonjwa huu umfanyavyo mtu mlangoni pa kituo cha afya. Mmoja huenda kila mara: leo kichwa, kesho tumbo, kesho kutwa moyo wamwenda mbio. Hupewa vidonge, naye hurudi vilevile, kwa kuwa hakuulizwa yaliyompata, wala yeye hakuyasema. Mwingine haendi kabisa. Harufu ya dawa yamrudisha siku ile alipotafuta maiti ya nduguye. Au yuko Pemba, aambiwa avuke kwenda Mnazi Mmoja, naye hawezi kukanyaga meli. Maradhi yake yazidi, nasi twamwita mkaidi.

Afanyeje? Aende kituo kilicho karibu, aseme yote mawili: maumivu yake na msiba uliompata. Tabibu akijua, aweza kumpeleka kwa wajuzi wa maradhi ya akili, kama wale wa Kidongo Chekundu. Wako wengi waliosaidiwa kwa mazungumzo na mjuzi, pasipo kukatwa wala kuchomwa sindano. Asiogope kuitwa mwendawazimu.

Na sisi wa Kiwengwa, ambao bahari ndiyo shamba letu, tusimlazimishe mtu kuhadithia barazani habari asiyotaka kuikumbuka. Tumwambie tu, "Kesho nitakusindikiza," kisha tuende naye, tungoje naye foleni. Mficha maradhi, kilio humfichua. Lakini mara nyingi mtu huficha kwa kuwa ajua tutamcheka. Tusicheke.