Ustawi wa Jamii: Daktari Wetu Asomee Wapi?

Msafiri atokaye Tunduma kwenda Sumbawanga, akiisha kupita Laela na Mpui, hana haja ya kumwuliza mtu habari za njaa. Uwanda wa Ufipa ni nchi ya mahindi, maharage na ulezi. Kwa miaka mingi mkoa wa Rukwa umehesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma katika mikoa inayoilisha nchi hii, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una maghala yake pale pale Sumbawanga. Hayo ni mambo ya kujivunia, nasi hatuna nia ya kuyapunguza.

Walakini utafiti wa afya uliofanywa nchini kote mwaka 2015 hadi 2016 ulionyesha jambo la kutia uchungu. Katika kila watoto 100 wa Rukwa walio chini ya umri wa miaka 5, watoto 56 walikuwa wamedumaa. Hapakuwa na mkoa mwingine uliofikia hesabu hiyo. Wastani wa nchi ulikuwa 34. Utafiti wa namna hiyo uliporudiwa mwaka 2022, Rukwa ilikuwa imeshuka hadi 50 hivi, na wastani wa nchi ukawa 30. Kushuka ni kushuka, lakini nusu ya watoto bado ni nusu ya watoto. Na mtoto aliyedumaa si kwamba ni mfupi tu. Mwili wake na akili yake vimekosa haki yao katika miaka ya mwanzo, na mengi ya yaliyopotea wakati ule hayarudishwi na uji wa shuleni.

Basi ghala limejaa, na mtoto wa mwenye ghala amedumaa. Twauliza: ni nani mwenye kazi ya kutueleza sababu?

Bwana shamba atatuambia namna ya kuongeza magunia. Mganga atamtibu mtoto akiugua. Afisa lishe atampima urefu na uzito, naye atamfundisha mama kuchanganya unga na maharage na mboga za majani. Wote hao wanafanya kazi ya heshima. Lakini yako maswali yasiyopimwa kwa mzani. Mahindi yakiuzwa, fedha hushikwa na nani nyumbani, naye huzitumia kwa jambo gani? Mama anapolala shambani wakati wa palizi, mtoto wa miaka miwili hulishwa na nani, tena mara ngapi kwa siku? Binti anayezaa kabla hajamaliza kukua mwenyewe hupata msaada kwa nani, kwa mama yake au kwa mama mkwe? Maswali hayo ni ya nyumba na ukoo, ya desturi na mamlaka ndani ya jamaa. Kwa neno moja, ni maswali ya ustawi wa jamii.

Kwa sababu hiyo tunaandika leo juu ya jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wetu wakaliona liko mbali na jembe, nalo ni shahada ya uzamivu katika fani ya ustawi wa jamii.

Wako watu wanaocheka wakisikia habari hiyo. Husema, udaktari wa falsafa wa nini kwa mtu ambaye kazi yake ni kusuluhisha ugomvi wa mume na mke? Dhihaka hiyo yatoka katika kutojua. Afisa ustawi wa jamii wa wilaya ndiye anayepokea mama aliyeachwa bila matunzo ya watoto. Ndiye anayetakiwa kuandika taarifa mahakamani pale mtoto anaposhitakiwa, au pale wazazi wanapogombania malezi, kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Ndiye anayetafutiwa mzee asiye na mtu, na mtoto aliyeokotwa stendi. Na katika Rukwa ana mzigo mwingine tena. Husemwa kwamba jina la Sumbawanga kwa Kifipa ni wito wa kuutupa uchawi. Hata hivyo mwezi Februari 2013, katika mkoa huo huo, watu wenye ualbino walishambuliwa na kukatwa viungo kwa sababu ya imani hizo hizo za uganga. Polisi anaweza kumkamata mwuaji. Ni nani anayekaa na jamaa ya aliyekatwa mkono baada ya magazeti kunyamaza? Ni nani anayechunguza hofu ile ilizaliwaje kijijini, na itaondokaje? Huruma peke yake haitoshi kwa kazi ya namna hiyo. Pana haja ya maarifa, na maarifa yana ngazi zake.

Ngazi ya juu ndiyo hiyo ya uzamivu. Mwanafunzi huchagua swali moja, akalikalia kwa miaka mitatu au minne, mara nyingi zaidi. Husoma yaliyoandikwa na wengine, huenda kwa watu, husikiliza, hupima, huandika tasnifu, kisha husimama mbele ya wajuzi akaitetea. Nchini Marekani, vyuo vya Bryn Mawr na Chicago vimekuwa vikitoa shahada hiyo katika kazi za ustawi tangu miaka ya 1920. Sisi tulianza na la msingi, na tulifanya vyema. Bunge lilipitisha sheria mwaka 1973 ya kuanzisha chuo cha taifa cha mafunzo ya ustawi wa jamii, ambacho leo ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyoko Kijitonyama, Dar es Salaam. Maafisa wengi walioko wilayani wametoka huko. Mwenye kutaka kufika kwenye uzamivu, yeye amekuwa akibisha mlango wa chuo kikuu, hapa nchini au ng'ambo.

Wala tusidhani kwamba elimu ya fani hii haijapata kutufaa. Ugonjwa wa UKIMWI ulipoingia na watu wakawa wanafichwa vyumbani kama aibu ya ukoo, Theresa Kaijage, mtu aliyesomea kazi za ustawi wa jamii, aliongoza kuanzishwa kwa chama cha WAMATA mwaka 1989, wakati ambapo wengi walikuwa hawajui hata namna ya kuzungumza na mgonjwa wala na jamaa yake. Dawa zilikuja baadaye sana. Ushauri nasaha ulitangulia.

Turudi Ufipa. Si kweli kwamba nchi hii haikupata kuchunguzwa na wasomi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alifika Roy Willis, Mwingereza, akakaa na Wafipa, akajifunza hadithi zao na habari za watawala wa Milansi na za Watwa. Kitabu chake kikubwa juu ya dola ya kale ya Ufipa kilitoka mwaka 1981, huko Bloomington, Marekani. Bertram Mapunda, Mtanzania, alichunguza ufuaji wa chuma wa kale huko Nkansi, akapata udaktari wake katika Chuo Kikuu cha Florida mwaka 1995. (Mwenye shaka juu ya ujuzi wa mababu zetu na aende akatazame malungu, zile tanuri za udongo zilizosimama kumpita mtu kimo.) Kathleen Smythe, Mmarekani, aliandika juu ya jamaa za Kifipa, malezi ya watoto na kazi ya wamisionari huko Nkansi, na kitabu chake kilitoka mwaka 2006.

Kazi hizo ni nzuri, nasi twawashukuru waliozifanya. Lakini na tuulize, ni mama gani wa Chala au wa Kate aliyepata kuzisoma? Zimeandikwa kwa Kiingereza, zimechapwa ng'ambo, na bei yake ni ya ng'ambo. Afisa ustawi anayehitaji kujua jinsi bibi na babu walivyoshika sehemu ya malezi katika nyumba za Kifipa, apate kujua ni kitu gani kimevunjika leo, hana nakala mezani kwake. Maarifa yametoka Ufipa kama mahindi yatokavyo, kwa malori, na ghala la nyumbani limebaki tupu.

Kwa hiyo tunasema wazi kwamba daktari tunayemtaka asomee Ufipa. Hatuna maana kwamba chuo kikuu kijengwe kesho juu ya milima ya Mbizi. Maana yetu ni kwamba swali lake litoke katika kazi yake mwenyewe, na miaka yake ya utafiti aikae kwenye uwanda ule, siyo katika maktaba iliyo zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwa watoto anaowaandika. Njia ipo. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kiliundwa kwa ajili ya mtu asiyeweza kuacha kazi yake, na matawi yake yamefika mikoani, Rukwa ikiwamo. Tasnifu huweza kuandikwa na mtu aliye kazini, ikiwa mwajiri wake ana nia na msimamizi wake anajibu barua.

Hapo ndipo penye ugumu, nasi hatutaki kuuficha. Mkurugenzi wa halmashauri atasema: watu ninao wachache, nikimpa huyu nafasi ya kusoma, nani atakwenda mahakamani Jumatatu? Hoja hiyo ni ya kweli. Sensa ya 2012 ilihesabu Rukwa watu 1,004,539. Ile ya 2022 ilihesabu 1,540,519. Wameongezeka watu zaidi ya 535,000 katika miaka 10, na kila ofisi ya ustawi yaujua uzito huo. Lakini ofisi isiyopata kamwe nafasi ya kufikiri itaendelea kuzima moto huo huo kila mwaka. Mtu mmoja akipunguziwa kazi, siku mbili kwa juma wakati wa masika na miezi kadhaa mfululizo wakati wa kiangazi, ni gharama inayobebeka kwa mkoa mzima, hata kama haibebeki kwa wilaya moja.

Kuna shaka ya pili, nayo twaiona nzito zaidi. Mgeni kutoka chuoni hupoteza miezi akitembeza barua: kwa Katibu Tawala wa mkoa, kwa wilaya, kwa mtendaji wa kata, kwa mwenyekiti wa kijiji. Afisa wa mahali hapo amekwisha kujulikana. Lakini kujulikana kwake ndiko kunakoweza kumharibia. Mama anayemtegemea kwa barua ya matunzo atamwambia yale anayodhani yatampendeza, na mume aliyewahi kuitwa ofisini kwake hatamwambia neno. Dawa yake si ngumu: afisa wa Sumbawanga akafanye utafiti wake Nkansi au Kalambo, na wa huko aje Sumbawanga. Awe Mfipa au mtu wa mkoa mwingine, awe anajua Kifipa au anajifunza. Na akishuka bondeni, ambako Wasukuma wameingia na ng'ombe wao tangu miaka mingi, ajue kwamba nyumba ya kule haina desturi moja na ya huku juu.

Na lugha? Vyuo vyetu hupokea tasnifu za uzamivu kwa Kiingereza, isipokuwa zile za fani ya Kiswahili. Tungependa siku moja mambo yawe vingine, lakini hatutamngojesha mtoto wa Ufipa mpaka siku hiyo. Iwe sharti tu kwamba anayesomeshwa kwa fedha ya umma aandike pia kitabu kidogo cha Kiswahili, kurasa 40 au 50, kisemacho alichokiona na anachoshauri, nacho kiwekwe katika kila ofisi ya kata aliyoifanyia kazi, na yeye mwenyewe akisome mbele ya mkutano wa kijiji kabla hajavaa joho. Wanakijiji wakisema hapa umekosea, aandike na hilo.

Mwaka 1964 Mwalimu Nyerere alitoa mfano wa kijiji chenye njaa kinachompa kijana chakula chote kilichobaki, apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea wengine chakula. Kijana akila asirudi, amewasaliti. Wakati ule wasomi wetu walihesabika. Chuo kikuu chenyewe kilikuwa kimeanza miaka mitatu tu nyuma, Oktoba 1961, kwa wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba. Leo wenye shahada ni wengi, na wako wanaoitafuta ya uzamivu kwa ajili ya jina la Daktari mbele ya jina lao, na kiti kilicho mbali na vumbi. Hatuwezi kumzuia mtu kutamani heshima. Mwajiri anaweza kumfunga kwa mkataba, kwamba akiisha kuhitimu atatumikia mkoa uliomsomesha kwa miaka isiyopungua mitano, kwa mshahara unaolingana na elimu yake. Sehemu hiyo ya mwisho tunaitilia mkazo, kwani tumeona wasomi wakirudi wilayani na kuwekwa meza ile ile kwa malipo yale yale, kisha watu wakashangaa walipohama.

Mkoa wa Rukwa una halmashauri nne. Zikichangia pamoja ada ya afisa mmoja, na nauli yake ya kwenda kuonana na msimamizi mara mbili kwa mwaka, hakuna moja itakayolemewa. Mikataba ya lishe baina ya Serikali na wakuu wa mikoa tayari inawabana viongozi juu ya udumavu, na gharama hii yafaa kuingizwa katika fungu hilo hilo. Bajeti hupitishwa na madiwani kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai. Tunawaomba madiwani wa Sumbawanga mjini, Sumbawanga vijijini, Kalambo na Nkansi waliweke jambo hili katika kikao kijacho, na wafanyakazi wa idara ya ustawi wasiogope kuwapelekea maombi yao kwa maandishi, wakitaja swali wanalotaka kulichunguza.