Waraka kwa wanajumuiya: wafu wetu na watoto wetu

Kwa wababa na wamama wa jumuiya, na vijana wote wanaokaa nao.



Ninawaandikia kwa sababu ya maneno yanayosemwa siku hizi katika vilio vyetu. Mhubiri anakaribishwa bila hata mmoja wetu kumjua vizuri. Anasimama kati ya viti vya plastiki na sufuria za bukari, anatangaza kwamba familia imefungwa na wankambo wake, yaani wahenga waliotangulia: jina la marehemu bibi alilopewa mjukuu lifutwe, kibuyu na nguo zake vichomwe. Na mara nyingi, kabla wafiwa hawajatawanyika, kidole kimekwisha kumwelekea mtoto mmoja, kwa kawaida yatima. Huyo ndiye mchawi. Sisi tuko palepale, rozari mkononi, tunatazama chini.

Dini ya wakubwa wetu ni jambo moja, biashara ya kutafuta mchawi ni jambo lingine. Zinachanganywa makusudi, kwa sababu hofu inalipa.

Wakubwa hawakumngoja mmisionari ili wajue kwamba Mungu yuko. Baluba walimwita Leza, walimwita Shakapanga, muumba wa vyote. Wafu hawakuwekwa mahali pake. Walipashwa habari za nyumba, wakaombwa wasimame na watoto wao. Kanisa lenyewe limelipokea hilo: misa yetu ya Kizaire, iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988, inawaita wankambo wenye moyo mnyofu pamoja na watakatifu. Anayewaambia kwamba kumtaja babu ni kumwita shetani, muulizeni anasali misa gani.

Katika Katanga hii hii, wachimbuaji walifukua makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, mwaka 1957 na 1958. Baadhi ya waliozikwa pale walikwisha kulala humo kwa karibu miaka 1,000. Kandokando ya mifupa kulikuwa na vyungu, vyuma na mapambo ya shaba, na katika makaburi ya karne za baadaye ile misalaba midogo ya shaba mnayoijua kutoka bendera ya Katanga ya 1960. Lakini mimi nawaomba mtazame makaburi ya watoto. Nao waliwekewa vyungu, vidogo, vya kimo chao. Kuna mtu aliyekaa chini, akakanda udongo, akafinyanga chungu cha kumtosha mtoto aliyekwisha kufa. Hao ndio wapagani tunaoambiwa tuwaonee aibu.

Dharau hii haikuanza kwetu. Mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim aliandika mwaka 1912 kitabu kizima juu ya dini kwa kutegemea habari za wenyeji wa Australia, ambao hakuwahi kufika kwao. Alau alikubali kwamba walichokuwa nacho ni dini. Wengine hawakuiheshimu: Waanangu wa nchi hiyo waliomba kwa miaka mingi wageni wasipande Uluru, mwamba wao mtakatifu. Njia ya kupandia ilifungwa Oktoba 2019.

Kwetu, Padri Placide Tempels, Mfransisko aliyefika Kongo mwaka 1933, alihubiri miaka mingi ndipo akaamua kusikiliza. Kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu kilitoka kwa Kifaransa mwaka 1945 katika mji wetu huu, ukiitwa bado Élisabethville, na Askofu de Hemptinne hakukipenda hata kidogo. Kina kasoro: kinawasemea Wabantu wote kwa mdomo mmoja, na wanafalsafa wa Afrika wamekikosoa vikali. Ila hapa alisikia sawasawa: kwa wakubwa, uzima haukai ndani ya mtu peke yake. Unapokewa kwa wengine, unaongezwa na wengine, unapunguzwa na wengine. Baadaye huko Kolwezi, kati ya wafanyakazi wa Union Minière na wake zao, ikazaliwa kutokana na kazi yake harakati ya Wakatoliki iitwayo Jamaa, yenye mafundisho ya uzima, uzazi na mapendo. Wazee wengine wa jumuiya wanayakumbuka vema kuliko mimi.

Sisemi wakubwa hawakuogopa uchawi. Waliogopa, na kuna walionyweshwa mwavi, sumu ya kupima uchawi, wakafa bila kosa. Lakini mkumbukeni Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana Lesa. Mwaka 1925 alihubiri ng'ambo ya mpaka, kwa Walala, kisha akaingia Katanga, akibatiza watu majini. Yule ambaye maji yalionekana kumkataa aliitwa mchawi na kuuawa. Waliokufa walikuwa makumi kwa makumi, naye akanyongwa mwaka 1926. Silaha yake ilikuwa ubatizo.

Basi ninaomba haya. Kwenye kilio cha mwanajumuiya, anayesema ni yule aliyeombwa na familia na anayejulikana kwetu. Mwingine ale bukari, aende kwa amani. Asiagize kitu cha marehemu kichomwe. Tarehe 2 Novemba tukienda makaburini, kila familia itaje majina ya wafu wake kwa sauti, na mjukuu aliyerithi jina asimame mbele.

Na mtoto akisingiziwa uchawi, msiitishe kikao cha kuchunguza kama ni kweli. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza shtaka hilo, na sheria ya Januari 2009 ya kulinda mtoto inaweka kifungo kwa anayelitoa, awe mjomba, awe mchungaji. Mama wa jumuiya aliye jirani amchukue mtoto usiku huohuo, amlishe, amlaze nyumbani mwake, na kesho yake asubuhi tuonane na padri wa parokia. Wasalesiani wa kituo cha Bakanja wanapokea watoto wa barabarani kila siku. Tusiwaongezee hata mmoja kutoka nyumba zetu.

Katibu wa jumuiya,
Katuba, Lubumbashi