Gobore nalo lipimwe kama wavu

Jamani, kuna habari ambayo kila gazeti la nchi hii lina kiunzi chake tayari. Polisi wanamshikilia mkazi wa kijiji fulani kwa kukutwa na gobore moja na nyama idhaniwayo kuwa ya swala. Unabadilisha jina la kijiji, unabadilisha umri, habari imekwisha. Mimi ni mwandishi wa habari, nakijua kiunzi hicho kama ninavyojua nauli ya daladala. Msomaji wa mjini anakunywa chai yake, anasema "majangili hao", anafungua ukurasa wa michezo.

Leo nataka tubishane kuhusu hilo gobore. Nitaanzia mbali kidogo, Ohio huko Marekani, mnivumilie.

Kule Ohio mwindaji wa kulungu kwa miaka mingi aliruhusiwa shotigani lakini si raifo. (Kulungu hapa nasema wale wa kwao wanaodondosha pembe kila mwaka. Kwetu hawapo, sisi tuna swala, paa, pongo na jamaa zao.) Nchi ni tambarare, nyumba za wakulima zimetapakaa, na risasi ya raifo husafiri mbali. Mwaka 2014 wenye mamlaka wakapata njia ya kati: raifo iruhusiwe, ila ganda la risasi liwe limenyooka toka kitako hadi mdomo, kama kopo, lisiwe limebanwa shingo kama chupa ya soda. Ganda la chupa hubeba baruti nyingi nyuma ya risasi nyembamba, ndiyo maana risasi yake hukimbia sana. Ganda la kopo kwa kawaida husukuma risasi nene inayopoteza mwendo mapema. Kulungu wa karibu anaanguka, na jirani wa mbali anakuwa na hatari ndogo zaidi.

Majimbo mengine kadhaa nayo yana sheria za namna hiyo. Viwanda vikaifuata sheria: mwaka 2019 Winchester walitoa risasi ya .350 Legend wakiwalenga hasa wawindaji wa majimbo hayo. Na mwananchi asiye na katazo la kisheria hununua mtutu na vipande vingine, akajiungia raifo yake mwenyewe gerejini kwake, akaingia msituni na leseni mfukoni, akarudi na kitoweo.

Sisemi tuwaige Wamarekani kwa bunduki. Mungu aepushe, tunaona yanayotokea kwenye shule zao. Ninachotaka mkione ni sheria iliyochungulia mpaka umbo la ganda la risasi. Ilimtazama mwindaji ikauliza swali la kifundi: chombo gani kinatosha kwa kazi hii bila kumdhuru jirani?

Mnadhani sisi hatuna akili hiyo? Tunayo, tena inatumika kila siku hapa Magogoni. Shukeni Feri, sokoni kwa samaki, mkaulize. Sheria ya uvuvi inapima tundu la wavu. Kokoro marufuku. Baruti marufuku, na miaka ile mabomu yalipokuwa yakilia baharini mchana kweupe, sikumsikia mtu akisema kwamba basi kila mwenye ngalawa ni mhalifu. Mvuvi anapewa leseni, chombo chake kinaandikishwa, wavu wake unakaguliwa. Mwenye gobore je? Huyo hapimwi chochote, anakamatwa tu.

Na msidhani gobore limekaa kijijini kwa sababu ya ushamba wa watu wetu. Mwaka 1890 wakubwa wa Ulaya walitia saini Mkataba wa Brussels. Kwa jina la kupiga vita biashara ya utumwa, wakazuia bunduki za kisasa zenye mifereji ndani ya mtutu zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, wakaacha upenyo kwa bunduki za gumegume zisizo na mifereji. Yaani hata wao waliangalia umbo la chombo! Ila swali lao lilikuwa lingine: chombo gani duni kiasi cha kutosha kuachiwa mtu mweusi? Miaka 6 baadaye, 1896, gavana wa Kijerumani Hermann von Wissmann akatoa amri ya uwindaji na leseni zake. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri ameonyesha jinsi masharti ya namna hiyo yalivyowaacha Wazaramo, wenyeji wa ardhi hii tuliyojengea Kariakoo, wakitazama nguruwe pori wanamaliza mashamba, na ameihusisha njaa hiyo na kuzuka kwa Maji Maji mwaka 1905.

Tumepata uhuru, tumeandika sheria zetu. Tuna Sheria ya Wanyamapori ya 2009 na Sheria ya Silaha ya 2015. Mtalii anakuja na raifo yake kwa kibali, analipa maelfu ya dola, anawinda hata siku 21. Sawa, fedha za kigeni tunazihitaji. Kanuni za 2020 zikaruhusu mabucha ya nyamapori, kwa hiyo mimi na wewe wa mjini tunaweza kununua nyama ya swala na tukapewa risiti. Lakini mwaka 2023 nchi nzima ilizungumza habari ya mwanamke aliyehukumiwa miaka 22 jela kwa vipande vya nyama ya swala, mpaka Mahakama Kuu ilipomwachia. Miaka ISHIRINI NA MIWILI. Kwa kitoweo.

Mtaniambia leseni ya uwindaji kwa wenyeji ipo. Ipo, kwa mwenye bunduki ya dukani na nauli ya kwenda na kurudi wilayani. Mtaniambia pia kwamba gobore limeua tembo, limetumika kwenye ujambazi, na humpasukia mpigaji usoni. Yote kweli. Muuaji wa tembo afungwe, sina machozi naye. Ila hilo la kupasuka lifikirieni vizuri. Linapasuka kwa sababu limefuliwa kwa kujificha, kwa bomba la kuokoteza, na fundi ambaye hakuna wa kumuuliza. Nendeni Gerezani pale Kariakoo mkaone vyuma chakavu vinavyogeuka kuwa mashine. Nchi yenye mikono ile, yenye Shirika la Mzinga kule Morogoro toka miaka ya 1970, inashindwaje kutengeneza bunduki moja nyepesi ya mkulima?

Ninachodai ni hiki. Bunduki ya risasi moja moja, ya masafa mafupi, yenye ganda la kopo. Itoke kiwandani au kwa fundi mwenye leseni, ichongwe namba, ilale kwenye kabati la chuma ofisi ya kijiji. Mamlaka ya wanyamapori, TAWA, iseme kijiji hiki msimu huu swala wangapi, na ikisema sifuri iwe sifuri. Na hapa ndipo ganda linapolishinda gobore kabisa: baruti na goroli za gobore hakuna anayeweza kuzihesabu, lakini ganda linahesabika. Umepewa risasi tatu, rudisha maganda matatu au risasi zilizobaki, ndipo upewe nyingine.

Vipindi vya msamaha wa kusalimisha silaha vinatangazwa, na ni jambo jema. Lakini mkulima anayesalimisha gobore lake anarudi nyumbani mikono mitupu, na nguruwe wanamsubiri shambani. Apewe basi nafasi kwenye orodha ya wawindaji wa kijiji chake. Majaribio yaanze wilaya moja tu, Rufiji au Kilwa, msimu mmoja, tuhesabu maganda, tuhesabu swala, na tuhesabu waliopelekwa jela.