Matibabu ya kiharusi yasikomee kwenye lango la hospitali

Mtu aliyenusurika kiharusi huruhusiwa kwenda nyumbani pale hali yake inapotulia na uhai wake haumo hatarini tena. Familia hufurahi, na ina haki ya kufurahi. Lakini mkono uliolegea bado umelegea. Hawezi kufunga vifungo, kukamua nguo, kumega ugali wala kujisafisha anapotoka msalani. Hoja yangu ni kwamba kazi kubwa ya kuurudisha mkono huo hufanyika nyumbani, na kwa hiyo serikali ya kaunti inapaswa kuihesabu kuwa sehemu ya matibabu yenyewe: iwe na mpango ulioandikwa, mtaalamu anayeusimamia, na mtu anayepiga hodi kuhakikisha unafuatwa. Kaunti ya Busia nchini Kenya, yenye miji ya Busia na Malaba iliyo mpakani na Uganda, ina kila sababu ya kuanza, na sehemu kubwa ya nyenzo za kuanzia tayari inazo.

Hili si tatizo la watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne nchini Kenya alikuwa na shinikizo la juu la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Shinikizo hilo ndilo chanzo kikuu cha kiharusi, iwe mshipa wa ubongo umeziba au umepasuka. Kwa miji hii ya mpakani jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu uchumi wake unaendeshwa kwa mikono. Kuna wapakiaji wa mizigo, madereva wa malori, wauzaji wa nafaka na mitumba, mama wanaokaanga samaki kando ya barabara. Usafiri wa bodaboda ulianzia Busia katika miaka ya 1960 kwa baiskeli, na leo vijana wengi huishi kwa pikipiki, ambayo haiendeshwi kwa mkono mmoja. Watu wasioweza kutembea nao wamejitafutia riziki hapa kwa miaka mingi wakivusha bidhaa mpakani kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazozungushwa kwa mikono. Miguu ilipokosekana, mikono iliwalisha. Kiharusi huja na kuuchukua mkono wenyewe.

Je, mkono huo hurudi vipi? Seli za ubongo zilizokufa hazifufuki, lakini sehemu zilizobaki hai huweza kujifunza kazi ya zile zilizopotea. Hujifunza kwa kurudia tendo lile lile mara nyingi, siku baada ya siku, na ubongo huwa mwepesi zaidi wa kujifunza hivyo katika miezi mitatu ya kwanza. Hapo ndipo hospitali, hata iwe nzuri kiasi gani, hufikia kikomo. Watafiti wa Marekani na Kanada waliochapisha matokeo yao mwaka 2009 walihesabu yaliyofanyika katika vipindi 312 vya tiba. Walikuta kwamba, kwa wastani, mgonjwa alirudia matendo ya mkono yenye manufaa kama mara 32 tu kwa kipindi, ilhali majaribio ya maabara kwa wanyama yanaonyesha kwamba ubongo huhitaji mamia ya marudio. Ikiwa nchi zenye wataalamu wengi zinapungukiwa hivyo, mgonjwa wa Amagoro, humu Busia, anayemwona mtaalamu wa tiba ya viungo mara moja kwa mwezi atayapata wapi marudio hayo? Hayapati popote isipokuwa nyumbani.

Kuna ushahidi kwamba kazi ya namna hiyo huleta matunda. Mwanasaikolojia Edward Taub wa Marekani alionyesha kwamba sehemu ya udhaifu wa mkono hutokana na mgonjwa kuzoea kutoutumia: anajaribu, anashindwa, anauacha, na kwa kuuacha anauzidishia unyonge. Jaribio lililochapishwa mwaka 2006, lililohusisha wagonjwa 222 waliopata kiharusi kati ya miezi mitatu na tisa iliyotangulia, liliuvisha mkono mzima glavu kwa muda mwingi wa siku kwa wiki mbili, ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Waliopitia tiba hiyo walipata nafuu kuliko wenzao, na nafuu hiyo ilionekana hata mwaka mmoja baadaye. Nchini Kanada, jaribio la mwaka 2009 liliwapa wagonjwa waliokuwa bado hospitalini kijitabu cha mazoezi na vifaa vya bei nafuu, wakafanya mazoezi wenyewe nje ya vipindi vya tiba kwa wiki nne. Mikono yao ilifanya kazi vizuri zaidi kuliko ya wale waliopewa elimu ya afya peke yake. Hapakuhitajika mashine ya mamilioni.

Boma la Teso au Samia, katika kaunti hii, lina vifaa vya kutosha kwa kazi hiyo. Mkono dhaifu unaweza kuanza kwa kushikilia bakuli lisiteleze huku ule mzima ukikoroga uji. Baadaye upanguse meza, ukunje leso, upukuchue mahindi, uchambue njugu, ushike muhogo unaomenywa, unyanyue kikombe kitupu na kisha chenye maji. Kila tendo lina ngazi yake, na kila ngazi inaweza kurudiwa hadi mgonjwa aimudu. Lakini asiyejua anaweza kudhuru. Kumvuta mgonjwa kwa mkono uliopooza ili kumwinua huumiza bega ambalo misuli yake haiwezi kulishikilia, na maumivu hayo yanaweza kuzima mazoezi kwa miezi. Kuukanda mkono kwa maji ya moto, desturi iliyoenea, ni hatari pale mkono usipohisi. Hata haraka ina madhara: jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2015, lenye wagonjwa 2,104, lilionyesha kwamba kuanza kuwasimamisha na kuwatembeza sana ndani ya saa 24 za mwanzo kuliwapunguzia nafasi ya kupata nafuu nzuri. Kwa hiyo nyumba inahitaji mwongozo wa mtaalamu, na hapo ndipo wajibu wa serikali unapoanza.

Pingamizi la kwanza hutoka ndani ya familia yenyewe. Wengi huona ni kukosa adabu kumwacha mzee ahangaike na kijiko ilhali watoto na wajukuu wapo. Upendo huo ni wa kweli, lakini matokeo yake ni mkono usiopata kazi na mtu mzima anayelishwa mpaka mwisho wa maisha yake. Na tukiitazama heshima kwa makini, inatuelekeza upande mwingine. Katika mila za Waluhya na Wateso, kuna mipaka mikali kati ya wakwe, na kwa mzee, kuogeshwa na mke wa mwanawe ni fedheha kwa wote wawili. Kumfundisha ajiogeshe mwenyewe, hata kwa shida na kwa kuchelewa, ndiko kumstahi. Kinachotakiwa ni jamaa akae karibu, amsaidie pale tu anaposhindwa, na ampe muda.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa wanasayansi. Nchini India, wagonjwa 1,250 kutoka hospitali 14 walishirikishwa katika jaribio lililofundisha jamaa kuendesha mazoezi nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: baada ya miezi sita, waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa takribani asilimia 47 katika kundi hilo, sawa na katika kundi la huduma ya kawaida. Yeyote anayetetea tiba ya nyumbani lazima ayakabili matokeo haya. Mimi nayasoma kama onyo dhidi ya kumtwika jamaa kazi ya mtaalamu kisha kumwachia. Isitoshe, kipimo kikuu cha jaribio hilo kilikuwa kifo na utegemezi kwa jumla, kipimo kisichoonyesha kama kiganja kimeanza kushika kikombe. Ninachopendekeza ni tofauti: mtaalamu aandike mazoezi, familia iyatekeleze, na mtaalamu ayabadilishe kila mkono unapopanda ngazi. Hata hivyo, kwa kuwa India imetuonyesha kwamba nia njema haitoshi, Busia ianze kwa kupima. Kipimo cha Barthel, kinachotumika duniani tangu 1965, huuliza mambo ya kawaida kabisa: mgonjwa anakula, anaoga, anavaa na kwenda msalani mwenyewe? Kipimwe siku ya kutoka hospitalini, kisha baada ya mwezi mmoja, mitatu na sita.

Wengine watauliza ni nani atakayezunguka vijijini. Serikali ya kitaifa ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 mnamo Septemba 2023, na kuwapa vifaa vikiwamo vya kupima shinikizo la damu. Kila mmoja amekusudiwa kuhudumia takribani nyumba 100, kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi inayochangiwa na serikali kuu na kaunti. Ni kweli kwamba posho hiyo ni ndogo na mzigo ni mkubwa. Lakini katika nyumba 100, waliotoka hospitalini karibuni kwa kiharusi watakuwa wachache sana kwa wakati mmoja. Mhudumu hatakiwi kuwa tabibu wa viungo. Anatakiwa kuangalia kama mazoezi yanafanyika, kama bega linauma, kama dawa zinamezwa, kisha kumpigia mtaalamu simu. Kaunti inayomwongezea kazi hiyo impe mafunzo na imlipe kwa wakati.

Wapo pia watakaosema kwamba fedha ni chache na ni afadhali zitumike kuzuia kiharusi. Nakubali kwamba kinga huja kwanza, ila hapa kinga na tiba haziwezi kutenganishwa. Aliyewahi kupata kiharusi yumo katika hatari kubwa ya kupata kingine. Ziara inayoangalia mkono ndiyo inayopima shinikizo lake, na la mkewe na kaka yake waliomo boma hilo hilo ambao huenda hawajapimwa kamwe. Aidha, kutofanya lolote kuna gharama yake: binti anaacha kibanda chake sokoni ili amlishe baba, na nyumba inapoteza vipato viwili badala ya kimoja.

Si kila mkono utarudi. Wagonjwa wa lile jaribio la 2006 walichaguliwa kwa sababu tayari waliweza kukunjua kifundo cha mkono na vidole kidogo. Ambaye mkono wake haujisogezi kabisa baada ya miezi mingi anastahili kuambiwa ukweli, na kufundishwa kuvaa, kuoga na kupika kwa mkono mmoja, huku ule mwingine ukinyooshwa usikakamae. Huko pia ni kujitegemea. Alupe, kando ya barabara ya Busia kwenda Malaba, kwa miongo mingi palikuwa na kituo cha matibabu na utafiti wa ukoma, ugonjwa unaoua hisia za mikono. Maarifa ya kumfundisha mtu kuishi salama na mkono usiohisi si mageni katika eneo hili.

Afya ilikabidhiwa kaunti mwaka 2013, hivyo uamuzi huu hauhitaji kungoja Nairobi. Madiwani wa Busia, katika bajeti ijayo, watenge fedha za kuajiri wataalamu zaidi wa tiba ya viungo na wa kuwarudisha wagonjwa kwenye shughuli zao, pamoja na usafiri wa kuwafikisha majumbani. Hospitali ziweke kanuni kwamba hakuna mgonjwa wa kiharusi anayeruhusiwa kuondoka bila mpango wa mazoezi ulioandikwa kwa lugha anayoielewa, jamaa mmoja aliyefundishwa, na jina la mhudumu atakayemtembelea ndani ya wiki ya kwanza. Na wananchi wanaohudhuria vikao vya maoni ya bajeti wadai hayo kwa sauti ile ile wanayodai barabara na soko, kwa sababu miezi mitatu ya kwanza ikipita bure, hakuna bajeti itakayoweza kuinunua tena.