Nani kasema majaji hawatazamiki?

Watu wa televisheni wana imani moja, na watazamaji tumeimeza bila kuitafuna: kwamba mahakama hunoga pale tu penye shahidi wa kububujikwa machozi, wakili wa kugonga meza na mshtakiwa wa kutokwa jasho. Majaji wa ngazi ya juu kabisa, tunaambiwa, ni wazee wenye majoho wanaosoma makaratasi. Nani atakesha akiwatazama?

Kielelezo kinacholetwa ni cha Marekani, mwaka 2002. Januari, CBS ilizindua First Monday, tamthilia ya majaji tisa wa Mahakama ya Juu, James Garner akiwa Jaji Mkuu na Joe Mantegna jaji mgeni. Kufikia Mei ilikuwa imezikwa na sehemu zake 13. Machi hiyo hiyo ABC nayo ikaja na The Court, Sally Field akivaa joho. Sehemu tatu zikaonyeshwa, ikafutwa. Basi, kesi ikafungwa: majaji hawauziki.

Mimi nakata rufaa.

Waliozitengeneza hawakuwa wanagenzi. Donald Bellisario, aliyeianzisha First Monday pamoja na Paul Levine, alikuwa na Magnum, P.I. na JAG mkobani. Na Garner, jamani, angeweza kusoma orodha ya bei za sokoni ukamsikiliza. Kosa lilikuwa kwenye mpango wa hadithi. Tamthilia zote mbili zilisimamia hila ile ile: wahafidhina huku, waliberali kule, nguvu sawa, na katikati jaji mpya ambaye kura yake ndiyo nyundo. Ukishapanga hivyo, majaji wanane umewageuza samani. Mtazamaji hangoji tena hoja. Anangoja mgeni aangukie upande gani. Hiyo ni hesabu ya kura tu, na Wamarekani walikuwa wameshaipata bure Desemba 2000, mahakama hiyo ilipozuia kura za Florida zisihesabiwe upya, watano dhidi ya wanne, George W. Bush akaingia Ikulu.

Eti watu hawana subira na majaji? Anayesema hivyo hakuwa Kenya mwaka 2017. Kesi ya kupinga uchaguzi wa rais ilirushwa moja kwa moja, na ushahidi karibu wote ulikuwa hati za kiapo, fomu za matokeo na mabishano juu ya seva. Makaratasi matupu! Hata hivyo nchi nzima ilikodoa macho. Septemba 1, Jaji Mkuu David Maraga alipotangaza kwamba uchaguzi umebatilishwa, majaji wanne dhidi ya wawili, hakuna aliyelalamika kwamba hakuona shahidi akilia. Tena wengi walibaki kuwasikiliza Njoki Ndung'u na Jackton Ojwang wakieleza kwa nini hawakubaliani na wenzao. Utasema pale palikuwa na urais. Sawa, lakini tamthilia nayo huchagua kesi yake. Hakuna aliyewalazimisha waandishi kuchagua nyepesi.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba utamu wenyewe ulikuwepo. Majaji wa Marekani wanapokutana faraghani kupiga kura, chumbani huwa wao tisa tu, hata karani haingii. Mlango ukigongwa, jaji mwenye miaka michache zaidi mahakamani ndiye anayeinuka kufungua. Na kura ya chumba kile si ya mwisho, kwa sababu jaji anaweza kuhama hadi siku hukumu inaposomwa.

Mwaka 1992, katika kesi ya Planned Parenthood dhidi ya Casey, Jaji Mkuu William Rehnquist alitoka kwenye kikao hicho akiwa na wingi wa kura, akaanza kuandika hukumu ambayo ingeing'oa meno Roe, uamuzi wa 1973 uliolinda haki ya kutoa mimba. Hakujua kwamba majaji watatu, Sandra Day O'Connor, Anthony Kennedy na David Souter, wote wateule wa marais wa Republican, walikuwa wakiandika yao kimya kimya. Mwishoni mwa Mei Kennedy akampelekea Harry Blackmun, aliyeiandika Roe, kijibarua cha kuomba waonane. Juni 29 Rehnquist akajikuta katika upande wa wachache. Kiini cha Roe kikasimama kwa miaka 30 mingine.

Hakuna maiti hapo, wala bastola. Kuna mtu mmoja aliyebadili nia, wenzake waliomficha, na mkubwa wao aliyekuwa akiandika hukumu ya ushindi asiokuwa nao tena. Kijibarua kile kilikuwa miongoni mwa nyaraka za Blackmun zilizofunguliwa kwa umma Machi 2004. Waandishi wa 2002 wanaweza kujitetea kwamba hawakuwa na makasha hayo. Waliokuja baada yao, wanaotuambia mpaka leo kwamba majaji hawana hadithi, watuambie wao wanajitetea kwa lipi.